Maharamia Walipungua, Manowari Zikabaki

Tarehe 26 Desemba 2008, manowari mbili za China, Wuhan na Haikou, pamoja na meli ya kubeba mahitaji, ziliondoka Sanya kuelekea Ghuba ya Aden. Sababu iliyotangazwa ilikuwa maharamia wa Kisomali. Zaidi ya miaka 10 baadaye, misafara ya China ilikuwa bado inapokezana zamu palepale. Nami najiuliza: ni maharamia tu?

Sababu hiyo haikuwa ya uongo. Mwezi Novemba, meli ya uvuvi ya China, Tianyu 8, ilitekwa nje ya pwani ya Kenya. Tarehe 17 Desemba, mabaharia wa meli ya China, Zhenhua 4, walipambana na maharamia kwa mipira ya maji na chupa za moto. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikwisha kuruhusu operesheni hizo, na serikali ya mpito ya Somalia ilikubali. China, ambayo siku zote huhubiri kutoingilia mambo ya wengine, ilikuta mlango uko wazi.

Lakini hamu ya kuingia ilikuwapo kabla. Mafuta yake mengi yalipita Bahari ya Hindi, na mwaka 2004 Rais Hu Jintao alilitaka jeshi lilinde masilahi ya taifa yaliyokuwa yakipanuka. Jeshi la majini lililozoea kukaa karibu na kwao lilihitaji kujifunza: kuishi baharini kwa miezi, kujazana mafuta safarini, kufanya kazi jirani na Wamarekani na Wahindi. Kwingineko mazoezi hayo yangeitwa uchokozi. Hapa yaliitwa msaada.

Masomo yalizaa matunda. Mwaka 2011 manowari Xuzhou ilitolewa kwenye ghuba hiyo na kupelekwa Libya, raia wa China walipokuwa wakihamishwa kukimbia vita. Mwaka 2015 manowari za msafara huohuo ziliwaondoa mamia ya watu Yemen. Katikati ya hapo zikaja hata nyambizi, ingawa sijui mvuvi gani aamini kwamba nyambizi hufukuzana na boti ndogo. Mwaka 2017, miaka kadhaa baada ya utekaji kupungua sana, China ilifungua kambi yake ya kwanza ya kijeshi ng'ambo, Djibouti.

Siiti huo unafiki wa Wachina peke yao. Japani ilifungua kambi yake hapohapo mwaka 2011, kwa hoja ileile. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Hawa walikuja na majembe yao, wakalima kweli, kisha wakajenga. Kwa hiyo sisi wa ukanda huu, mgeni mwingine mwenye manowari akibisha hodi, tusiishie kumuuliza amekuja kufanya nini. Tumuulize pia kazi ikiisha ataondoka lini, na jibu liandikwe kabla hajatia nanga.