Mwendo wa usemaji (uigizaji wa sauti)

Mwendo wa usemaji ni kasi ya maneno pamoja na vituo vinavyoyatenganisha. Mwigizaji wa redio hana uso wala mikono ya kumsaidia. Mwendo ndio humwonyesha mzee anayepima neno au kijana mwenye hofu. Msikilizaji wa redio naye hawezi kurudisha sentensi iliyompita. Kwa hiyo jina geni na tarakimu husomwa polepole, na kituo kifupi hutangulia habari nzito.

Radio Okapi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyoanza 2002, hutangaza kwa Kiswahili na lugha nyingine nne. Tangazo lililotafsiriwa kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili mara nyingi hurefuka. Msomaji akikimbizana na sekunde 30 alizopewa, humeza irabu, na Kiswahili bila irabu zake hakieleweki. Dawa ni kupunguza maneno, si kuongeza mbio.

Katika tamthilia ya redio, mfano Twende na Wakati ya Tanzania (1993), kila mhusika huhitaji mwendo wake, la sivyo sauti mbili zinazofanana huchanganywa. Kimya kirefu mno, hata hivyo, hudhaniwa kuwa matangazo yamekatika.