Bima: neno lililozaliwa na hofu

Neno “bima” lilitufikia kupitia lugha za Wahindi, na asili yake ni Kiajemi, ambako “bim” ni hofu. Hofu ya mzee wa Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, ni gharama za matibabu. Ni kweli, Uganda ilifuta ada katika vituo vya afya vya serikali mwaka 2001. Muswada wa bima ya afya ya taifa ulipita bungeni 2021, lakini haukutiwa saini. Basi mzee huyo halipi mchango kila mwezi. Hulipa akishaugua: nauli ya kwenda kutibiwa mjini Mbarara, dawa iliyokosekana, chakula cha anayemuuguza. “Bure” huishia mlangoni mwa daktari. Bima ya kweli ni kubeba hofu hiyo pamoja, kabla ugonjwa haujabisha hodi. Wazee wetu wanastahili hilo.