Mombasa ya Wamazrui wa Kwanza

Wareno walitolewa Mombasa mara ya mwisho mwaka 1729, na waliowatoa ni watu wa mji wenyewe wakisaidiwa na Wamijikenda. Hilo lataka kukumbukwa, maana mambo ya miaka thelathini iliyofuata hayaeleweki bila ya hilo. Imamu wa Oman wa ukoo wa Yaarubi alileta maliwali kwa ridhaa ya mji uliokwisha kujikomboa. Kati ya maliwali hao akaja Muhammad bin Uthman Al-Mazrui, mwishoni mwa miaka ya 1730.

Mji aliouongoza ulikuwa mikononi mwa mataifa kumi na mawili. Thelatha Taifa walikuwa Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa wakiongozwa na Wamvita. Kila taifa lilikuwa na wazee wake na marafiki wake bara, na liwali asiyepatana nao hakuwa na askari wa kutosha kuushika mji. Chakula nacho kilivuka bahari: mpunga wa Pemba ndio uliolisha Mombasa.

Katika miaka ya 1740 Ahmad bin Said Al-Busaidi, aliyekuwa liwali wa Suhar, akajitwalia uimamu wa Oman. Muhammad akakataa kumtii. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuisema na nzito kuijibu: huyu ni liwali kama mimi, ikiwa yeye ameitwaa Oman, mimi nimeitwaa Mombasa. Masafa nayo yalimpa nguvu. Vyombo vya Maskati vilishuka na kaskazi na kurudi na kusi, kwa hiyo amri ya Imamu na jibu lake vilikula karibu mwaka mzima.

Imamu hakuleta jeshi. Alituma watu wachache waliojifanya wamekosana naye, wanatafuta hifadhi. Muhammad akawapokea kwa heshima ndani ya Ngome ya Mombasa, nao wakamuua humo humo, mnamo 1746. Ni usaliti wa kuudhi hata leo, kwa kuwa walikwisha kuwa wageni wake. Nduguye Ali bin Uthman akatiwa kifungoni, na Saif bin Khalaf akakalia Ngome kwa jina la Imamu.

Lakini aliyeshika Ngome hakuushika mji. Ali alitoroshwa akavuka bara, akakusanya watu, na tarehe ya Mombasa inamtaja hata Mwingereza mmoja miongoni mwa waliomsaidia. Wakairudia Ngome, wakaitwaa, na Saif akauawa. Mimi naona sifa ya ushindi ule imewaendea mno Wamazrui. Bila wazee wa mataifa na Wamijikenda, Ali angebaki mkimbizi.

Ali akaimarisha utawala, kisha katikati ya miaka ya 1750 akaenda kuishambulia Unguja, iliyokuwa upande wa Imamu. Mji ulikaribia kuanguka alipochomwa kisu na mtoto wa ndugu yake mwenyewe. Vita vikaishia hapo. Majeshi yakapanda vyombo yakarudi kwao.

Akashika Masud bin Nasir, aliyetawala hadi 1779. Baada yake Ngome ilikabidhiwa Abdallah, mtoto wa Muhammad, kisha nduguye Ahmad, aliyeishika hadi 1814. Busaidi hawakuitia mkononi kwa kudumu mpaka Sayyid Said alipoipata mwaka 1837.