Michango ya ustawi wa punda

Michango ya ustawi wa punda ni fedha zinazotolewa kwa mashirika ya hisani, hasa na watu wa Ulaya, ili kuwahudumia punda wa kazi. Miongoni mwa mashirika makubwa ni Brooke, lenye asili yake Cairo mwaka 1934, na The Donkey Sanctuary la Uingereza, lililoanzishwa na Elisabeth Svendsen mwaka 1969.

Mchangiaji huonyeshwa picha ya mnyama mwenye kidonda, akaamini pesa yake itanunua dawa. Sehemu hununua. Nyingine hulipa mishahara, matangazo, matunzo ya punda walioko Uingereza kwenyewe, na ushawishi wa sera. Ushawishi huo usibezwe: Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, ambazo China huzichemsha kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Hakuna chupa ya dawa ambayo ingeokoa punda wengi kiasi hicho. Kosa ni kuificha kazi hiyo nyuma ya picha ya kidonda.

Katika maeneo ya vijijini kama Kinampanda, wilayani Iramba, mkoani Singida, punda hubeba madumu ya maji na kuvuta mikokoteni. Kamba ikikwaruza bega, gunia kuukuu lililokunjwa chini yake huzuia kidonda kwa gharama ndogo mno. Je, michango hufika huko? Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 huyadai mashirika yaliyosajiliwa Tanzania taarifa na hesabu zilizokaguliwa kila mwaka. Jumla ya matumizi, hata ikiwa sahihi, haimwonyeshi mchangiaji kiasi kilichofika katika maeneo kama Kinampanda.