Andy Beattie si mtu wa 7-0 tu

Nikiwa na miaka 13 nilitolewa kwenye majaribio ya timu ya shule kwa sababu ya miwani. Kocha hata hakungoja niguse mpira. Alicheka, wenzangu wakacheka, nikaambiwa nirudi darasani nikashike vitabu. Tuelewane: mimi sikuwa nyota aliyepotea. Mguu wangu wa kushoto ni wa kupandia matatu tu. Lakini tangu siku hiyo, nikisoma historia ya mpira, huwa natafuta watu wa aina moja. Wale walioletewa kijana asiyefanana na mchezaji, wakasema, hebu acha acheze kwanza.

Mmoja wao anaitwa Andy Beattie. Ukiuliza habari zake, wengi watakuambia kuhusu aibu ya Kombe la Dunia 1954. Mimi nadhani wanamwonea.

Tuanze mwanzo. Beattie alizaliwa 1913 huko Kintore, Aberdeenshire, kaskazini mwa Uskoti. Alikuwa beki wa kushoto, na 1935 akajiunga na Preston North End ya Uingereza. Kwenye timu hiyo alimkuta Mskoti mwenzake, Bill Shankly. Shika hilo jina, litarudi. 1937 walifika fainali ya Kombe la FA wakachapwa 3-1 na Sunderland. Mwaka uliofuata wakarudi Wembley, wakashinda 1-0 kwa penalti ya George Mutch mwishoni kabisa mwa muda wa ziada. Waliolia siku hiyo? Huddersfield Town. Hilo pia lishike.

Aliichezea Uskoti mechi 7, kisha 1939 vita vikaanza, vikala miaka bora ya wachezaji wa kizazi chake.

Baada ya vita akageukia ukocha: Barrow, Stockport County, halafu 1952 akaenda, wapi tena, Huddersfield. Timu aliyoiliza Wembley ndiyo ilimpa kazi. Ilikuwa imeshuka daraja. Msimu wake wa kwanza mzima akairudisha juu, na kipa na mabeki wake walikuwa walewale katika mechi zote 42 za ligi. Hebu fikiria kocha wa leo akifanya hivyo! Msimu wa 1953-54 wakamaliza nafasi ya tatu ligi kuu ya Uingereza.

Ndipo Uskoti ikamwita. Timu ya taifa ilikuwa inaenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, huko Uswisi, na haikuwa imewahi kuwa na meneja. Beattie akawa wa kwanza, huku bado ana kazi yake Huddersfield.

Sasa skiza alichopewa. Sheria iliruhusu wachezaji 22. Chama cha soka cha Uskoti kikapeleka 13. Kumi na watatu! Na maafisa? Hao hawakukosa nafasi ya kusafiri. Jezi walizopewa zilikuwa nzito za mikono mirefu, za kuchezea baridi ya kwao, na Uswisi ilikuwa joto la Juni. Mkenya yeyote anayekumbuka sakata ya Olimpiki ya Rio 2016 hahitaji kuelezewa zaidi. Wachezaji wanajikuna, wakubwa wanatalii.

Mechi ya kwanza walifungwa 1-0 na Austria, na si kwamba walicheza vibaya. Beattie akatangaza anajiuzulu kabla ya mechi ya pili. Juni 19, mjini Basel, Uruguay waliokuwa mabingwa wa dunia wakawapiga 7-0.

Je, alikosea kuondoka katikati ya mashindano? Ndiyo, mimi naona alikosea. Wachezaji 13 hawakuwa na pa kukimbilia, na nahodha haruki kwanza mashua ikizama. Lakini ajabu ni kwamba 7-0 ndiyo imebaki kwenye jina lake, wakati waliofunga safari ile vibaya majina yao hakuna anayeyajua. Chama kilimrudisha 1959, akakaa hadi 1960. Mtu aliyeharibu kila kitu hairudishwi kazi ileile, au sivyo?

Kilichonivuta kwake lakini kilitokea 1955. Ndugu yake Archie, aliyekuwa akitafuta vijana kwa ajili ya Huddersfield, alimleta mtoto wa mvuvi kutoka Aberdeen. Miaka 15, mwembamba kama fito, miwani usoni na makengeza. Akicheza alikuwa anavua miwani na kufumba jicho moja ili aone vizuri. Andy mwenyewe alishtuka alipomwona. Lakini hakumrudisha nyumbani. Akamtazama akicheza, akambakiza.

Akiwa Huddersfield, mtoto huyo alifanyiwa upasuaji wa jicho. Desemba 24, 1956, akiwa na miaka 16, alicheza mechi yake ya kwanza ya wakubwa. Jina lake Denis Law. 1960 akauzwa Manchester City kwa pauni 55,000, rekodi ya Uingereza wakati huo. 1964, akiwa Manchester United, akashinda Ballon d'Or, na hadi leo hakuna Mskoti mwingine aliyeipata.

Beattie hakuwa kocha wakati wa mechi ile ya kwanza. Timu ilikuwa imeshuka daraja, na Novemba 1956 aliondoka. Aliyemrithi ni msaidizi aliyemleta mwenyewe: Bill Shankly. Ndiyo, yule aliyekuja kuijenga Liverpool.

Baada ya hapo mambo ya ukocha yalimwendea kombo. Carlisle, Nottingham Forest, Plymouth, kisha Wolves, walioshuka daraja 1965. Septemba mwaka huo Southampton wakawapiga 9-3, na kazi ikaisha. Sitawadanganya kwamba alikuwa meneja mkubwa.

Akawa skauti. Mtu wa kukaa kwenye uwanja mdogo siku ya mvua akiangalia vijana wasiojulikana. Liverpool ilipomnunua Kevin Keegan kutoka Scunthorpe 1971, jina la Beattie, rafiki wa zamani wa Shankly, linatajwa pamoja na la skauti mkuu Geoff Twentyman kati ya waliompigia debe kijana huyo. Keegan akaja kushinda Ballon d'Or mara mbili.

Beattie alifariki 1983. Skauti hana takwimu. Hakuna jedwali linaloandika ni watoto wangapi hakuwacheka. Lakini sisi tunaolilia Harambee Stars kila mwaka tunatafuta kocha wa kutuokoa, na mimi nauliza nani anakaa pale uwanja wa vumbi wa Kisumu au Kilifi kumwangalia yule mwembamba mwenye miwani hadi dakika ya 90.

Kocha wangu hakungoja hata dakika moja. Kwangu mimi hakukosa kitu. Ninayemhurumia ni yule aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni.