Siku Tatu za Moshi

Kila niutazamapo mlima nikiwa mjini Moshi, hukumbuka kikao kilichofanyika hapa Machi 1979. Mizinga yetu ilikwisha ingia Uganda, ikimfukuza nduli Idi Amin aliyetuvamia Kagera Oktoba 1978. Wakati huo huo makundi zaidi ya 20 ya Waganda yalikutana Moshi, yakaunda umoja wao, UNLF, na kumchagua Yusuf Lule kuwa mwenyekiti.

Kampala ilikombolewa Aprili 11. Lule alitawala siku 68 tu. Godfrey Binaisa aliyemfuata hakumaliza mwaka, na Februari 1981 Waganda waliingia tena msituni kupigana.

Vita vya Kagera vilitugharimu damu na mamia ya mamilioni ya dola. Tulifunga mkanda miaka mingi. Mazungumzo yalipewa siku tatu. Bunduki ilipata fungu lake; meza ya mapatano ikaachiwa makombo.

Arusha ilikuwa vingine. Mwalimu Nyerere alianza kuwapatanisha Warundi mwaka 1996. Alipofariki mwaka 1999, Nelson Mandela aliipokea kazi, na mkataba ukatiwa saini Agosti 28, 2000. Risasi hazikunyamaza siku ile, lakini Warundi walikuwa na msingi wa kujengea.

Askari tumtunze, bila yeye nduli asingeondoka. Lakini mpatanishi naye atengewe fedha na muda, mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tunajua bei ya ukuta.