MAFUTA YA MASHUA KATIKA ZIWA NYASA

Ninyi mlioko Mbinga milimani, nanyi wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi kando ya ziwa, karibuni darasani. Leo tutasoma habari za mafuta yanayoendesha vyombo vya Ziwa Nyasa. Tutaona jinsi miwa ya ng'ambo inavyoweza kuzima injini ya mvuvi wa huku.

Zamani wazee wetu walivuka kwa kasia. Mwaka 1875 Waingereza walileta meli ya moshi ya kwanza katika ziwa hili, jina lake Ilala. Mwaka 1893 Wajerumani nao walishusha majini meli yao, Hermann von Wissmann. Meli hiyo ndiyo iliyoshambuliwa na meli ya Waingereza, Gwendolen, palepale Liuli mwezi wa Agosti 1914. Siku hizo chakula cha meli kilikuwa kuni. Baadaye zikaja injini za dizeli, na kwa mashua ndogo, injini za petroli zinazofungwa nyuma ya chombo.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka 1973, na tena mwaka 1979, bei ya mafuta ilipanda sana duniani. Brazili ilianza mpango mkubwa wa kuchanganya petroli na ethanoli mwaka 1975. Ethanoli ni spirti ileile iliyomo katika pombe. Malawi haina pwani ya bahari. Petroli yake ilipita Msumbiji, na huko kulikuwa na vita. Basi mwaka 1982 kiwanda cha Dwangwa, katika ufuko wa magharibi wa ziwa letu, kilianza kutengeneza ethanoli kwa molasi, yaani masazo ya sukari. Ikachanganywa na petroli ya magari. Nchi ikapunguza fedha za kununulia mafuta ya kigeni. Hilo lilikuwa jambo la busara.

Lakini gari si mashua. Gari hukaa nchi kavu, tena humaliza mafuta yake upesi. Mashua hukaa majini, na pengine hulala wiki nyingi bila kazi. Spirti hupenda maji. Huyavuta hata kutoka katika hewa yenye unyevu. Petroli yenye spirti sehemu 1 katika 10 huweza kubeba maji kiasi cha nusu lita katika lita 100. Yakizidi hapo, spirti na maji hujitenga na petroli na kutuama chini ya tangi. Na mpira wa injini hufyonza kutoka chini! Injini inayochanganyiwa oili katika petroli huumia zaidi, kwa kuwa maji yale hayana oili ya kutosha kuilainisha.

Tena spirti hulegeza uchafu wa zamani ndani ya tangi, nao huziba chujio. Hulainisha mipira ya zamani hata ikapasuka. Huko Marekani, katika jimbo la New York, petroli ya namna hii ilienea mwaka 2004, na matangi ya fibaglasi ya mashua kadhaa za zamani yakaanza kuyeyuka kwa ndani.

Injini ikizimika gatini ni hasara ya fedha. Ikizimika katikati ya ziwa, na upepo wa Mwera unavuma, ni hatari ya roho.

Basi mfanyeje? Ukinunua petroli usiyoijua, pima. Kaa nje, mbali na moto. Tia maji kidogo katika chupa nyeupe, weka alama yalipofika, kisha ongeza petroli, funga na utikise. Ikitulia, tazama. Maji yakionekana yamepanda juu ya alama, mna spirti. Usiiache ikae muda mrefu tangini. Funga chujio la kutenga maji. Badilisha mipira ya zamani. Wala usisahau kasia.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini Malawi ilianza kutengeneza ethanoli?
2. Kwa nini mafuta yanayofaa gari huweza kudhuru mashua?
3. Kikundi chenu kitawaonyaje wavuvi wasiohudhuria darasa?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.